Bikari inapokugomea: dalili, chanzo na tiba ya michoro ya rula na bikari

Mtoto akileta mchoro uliokataa, mtu mzima hutazama mchoro na kusema huyu hisabati hazipandi. Mimi huomba kwanza niione bikari. Nimefundisha ujenzi wa maumbo kwa miaka, darasani asubuhi na masomo ya ziada jioni, na malalamiko ninayoletewa ni yale yale: duara halifungi, pembesita inapishana, pembe ya nyuzi 60 imetoka 57. Mengi ya makosa hayo hayamo kichwani mwa mwanafunzi. Yamo kwenye skrubu iliyolegea, penseli butu, na karatasi iliyolazwa juu ya dawati tupu. Inaniuma kuona mtoto anajiona mjinga kwa sababu ya skrubu.

Tafuta dalili yako hapa chini. Kila moja nimeanza na sababu ninayokutana nayo zaidi, na kipimo chepesi kabla ya kizito.

Kabla ya dalili yoyote: ukaguzi wa dakika mbili

Chora mstari, weka alama mbili zilizoachana sentimita 5, kisha fungua bikari hadi alama hizo. Zungusha duara tatu mahali patatu tofauti kwenye karatasi, halafu rudisha bikari kwenye alama. Kama sindano na penseli hazikai tena pale pale, usiendelee na kazi. Chombo kinateleza, na kila utakachochora kitarithi kosa hilo.

- Kaza skrubu ya kichwani. Bisibisi ndogo ya miwani inafaa, na pasipo bisibisi ncha ya kisu butu hutosha. Miguu ifunguke kwa kulazimishwa kidogo, isidondoke yenyewe.
- Funga miguu uangalie ncha. Sindano itangulie penseli kidogo, kama milimita moja, kwa kuwa itazama kwenye karatasi.
- Tumia kipande kifupi cha penseli. Penseli ndefu hugonga kiganja unapozungusha na kusukuma mguu.
- Weka daftari au gazeti lililokunjwa chini ya karatasi. Sindano juu ya mbao ngumu au meza ya kioo haina pa kushika.

Acha kutengeneza ikiwa bikari imekazwa na bado inateleza mara ya tatu, au kiungo cha kichwani kimepasuka. Wengi hufunga utepe wa gundi au mpira na kuendelea. Kitu hicho kitashika duara la kwanza na kukuangusha la pili, mara nyingi katikati ya mtihani. Omba au nunua nyingine. Na kama sindano imemchoma mtoto karibu na jicho, au imeingia ndani sana, usiisubiri ipoe yenyewe, mpeleke hospitali.

Duara halifungi: mwanzo na mwisho wa mstari haukutani

Sababu ya kwanza ni mkono. Mtu anashika bikari kwa mguu wa penseli na kuuburuta kama anayeandika, na miguu inapanuka kadiri anavyosukuma. Shika kijiti kilicho juu ya kichwa cha bikari kwa kidole gumba na cha shahada, uiinamishe kidogo kuelekea unakokwenda, na uizungushe kwa vidole hivyo viwili bila kugusa miguu. Ukishindwa kumaliza mzunguko, zungusha karatasi badala ya mkono.

Ya pili ni tundu la sindano kupanuka. Likionekana kama doa jeusi la mviringo, basi kitovu chako kimekuwa uwanja, si nukta. Hii hutokea ukitumia kitovu kimoja kwa duara nyingi. Chora duara kubwa mwisho, kwa sababu dogo ndilo linaloonyesha kosa zaidi.

Ya tatu, na hii husahaulika, penseli yenyewe inacheza ndani ya kishikio chake. Itikise kwa kidole. Ikicheza, zungushia kipande cha karatasi kabla ya kukaza.

Seremala anayechora meza ya duara kwa msumari na kamba ana ugonjwa wake wa peke yake: mchoro unageuka konokono. Kamba imefungwa kwa nguvu msumarini, basi kila anapozunguka inajiviringisha na kufupika. Fanya kitanzi kilegevu kinachozunguka msumari kwa uhuru. Bora zaidi, achana na kamba, toboa matundu mawili kwenye ubao mwembamba, moja la msumari na jingine la penseli. Ubao haurefuki wala haufupiki.

Pembesita inapishana au inaacha pengo

Hili ndilo ninaloletewa kuliko yote. Kanuni ni nzuri mno kwa wepesi wake: upande wa pembesita iliyo ndani ya duara ni sawa na nusukipenyo, kwa hiyo upana ule ule uliochora duara hupigwa mara sita kwenye mzingo na alama ya sita inaangukia pale ulipoanzia. Kwako haiangukii.

Msichana mmoja wa darasa langu la jioni aliirudia mara nne. Kila mara alama ya sita ilipita mwanzo kwa nusu kidole hivi. Alikuwa ameanza kufuta kwa hasira, karatasi imechanika. Nilimwomba asifute tena, apime duara lake: nusukipenyo sentimita 5. Kisha apime umbali wa alama ya kwanza na ya pili: sentimita 5 na milimita 1. Milimita moja! Tulikaza skrubu kwa ncha ya kisu, akachora tena, alama ya sita ikaingia kwenye ya kwanza kama ufunguo kwenye kitasa chake. Hakusema kitu. Aligeuza ukurasa akachora nyingine.

Hesabu ya jambo lile ni hii. Kwenye duara la nusukipenyo sentimita 5, bikari ikipanuka milimita 1 baada ya kuchora duara, kosa halibaki milimita 1. Linajikusanya hatua sita, na mwisho unapita mwanzo kwa milimita 7 hivi. Hata nusu milimita inakupa karibu milimita 3 na nusu. Kwa hiyo pengo lenyewe ni kipimo. Lisome kabla ya kulifuta:

- Alama ya mwisho imepita mwanzo: bikari ilipanuka baada ya duara. Kaza.
- Alama ya mwisho haikufika: bikari ilijifunga. Kaza, na usiibane miguu unapoinyanyua.
- Pengo linabadilika kila ukirudia, leo linapita, kesho halifiki: chombo ni kizima, sindano ndiyo haiwekwi hasa pale tao linapokata mzingo. Chonga penseli, na tao lako lipite pande zote mbili za mzingo ili makutano yaonekane.

Ujanja wa kuzuia: usizunguke upande mmoja hatua sita. Chora kipenyo kwanza. Kutoka ncha yake moja piga tao kushoto na kulia, kisha fanya vivyo hivyo kwenye ncha ya pili. Hakuna alama iliyo mbali na chanzo chake kwa zaidi ya hatua moja, na kosa halipati nafasi ya kujikusanya.

Aliyelegewa na bikari ana mwenzake wa zamani. Katika kanuni za mwanahisabati Euclid wa Alexandria, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, bikari haibebi upana kutoka mahali pamoja hadi pengine. Ichukulie kama imejifunga kila ikinyanyuliwa. Ndiyo maana jambo lake la kwanza ni kujenga pembetatu ya pande sawa, na la pili, papo hapo, ni namna ya kuhamisha urefu bila kuubeba.

Matao hayakutani unapojenga pembetatu

Umechora kitako, umepiga tao kutoka kila ncha, na katikati ni hewa tupu.

Angalia vipimo kabla ya chombo. Pande mbili zikijumlishwa lazima zizidi ya tatu. Sentimita 7, 3 na 3 haijengeki hata kwa bikari ya dhahabu, na 7, 4 na 3 hugusana juu ya kitako na kulala. Nimeona watoto wakihangaika dakika kumi na swali lililonakiliwa vibaya ubaoni. Kama vipimo vimekataa, acha hapo na umuulize aliyetoa swali.

Vipimo vikiwa sawa, shaka inahamia kwenye rula. Rula nyingi za plastiki zina nafasi kabla ya sifuri, na nyingine kona yake imelika. Mwanafunzi mwingine anaanzia kwenye 1 ili akwepe kona mbovu, anafungua hadi 6, anaamini ana 6 kumbe ana 5. Tiba yake ni tabia moja: usifungue bikari juu ya rula. Chora mstari kwa rula, weka alama za urefu, kisha fungua bikari kwenye alama hizo. Ukikosea utaona, kwa sababu alama zimebaki kwenye karatasi.

Sababu ya mwisho ni tao fupi mno. Piga tao refu kwa ukarimu, penseli iguse kwa upole.

Mstari unaogawa nusu haupiti katikati

Unapima baada ya kuchora, upande mmoja 4.8, wa pili 5.2. Karibu kila mara upana ulibadilika kati ya tao la ncha ya kwanza na la ncha ya pili. Hilo umeshajua tiba yake.

Sababu ya pili inastahili kutazamwa kwa karibu, maana chombo kizima na mkono mtulivu bado hukosea hapa. Matao yakikatana kwa mshazari mkali, makutano si nukta tena, ni mstari mfupi mweusi, nawe unabahatisha pa kuweka rula. Penseli yenye unene wa nusu milimita, mistari ikikatana kwa pembemraba, inakupa doa la nusu milimita. Ikikatana kwa nyuzi 30, doa linarefuka hadi karibu milimita 2. Kwa nyuzi 15, karibu milimita 4.

Chukua mstari wa sentimita 10. Ukifungua bikari 5.2, zaidi kidogo tu ya nusu kama vitabu vinavyosema, matao hukatana kwa nyuzi 32 hivi, na makutano ya juu na ya chini yameachana chini ya sentimita 3. Rula inayolala juu ya nukta mbili zilizokaribiana hivyo inayumba kwa kosa dogo kabisa. Fungua 7. Sasa matao yanakatana karibu kwa pembemraba na nukta zimeachana karibu sentimita 10. "Zaidi ya nusu" ni kweli, lakini haitoshi. Mimi husema saba ya kumi ya mstari.

Pembe imetoka 57, au 63, au 88

- Upana ulibadilika kati ya tao la kwanza na la pili. Kwa nyuzi 60 matao yote mawili lazima yawe na upana mmoja. Hapo hakuna mjadala.
- Matao madogo. Kosa la milimita 1 kwenye tao la sentimita 3 ni karibu nyuzi 2. Kosa lile lile kwenye tao la sentimita 8 halifiki nyuzi 1. Karatasi unayo, itumie.
- Kipimapembe ndicho kinachodanganya. Vingi vya kwenye mkebe vina ukingo chini ya mstari wa sifuri, na watu hupima kwa ukingo. Pima tena kwa mstari.
- Hatua nyingi. Nyuzi 37.5 ni nusu ya 75, na 75 ni katikati ya 60 na 90, ambayo yenyewe umeijenga. Kila hatua inaongeza chake. Usipunguze hatua, ongeza ukubwa na uchonge penseli kabla ya kila mgawanyo.

Kwa wanaojiandaa na KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, ambako maswali ya kujenga kwa rula na bikari pekee huja mara kwa mara: kipimapembe ni cha kukagua nyumbani, hakina kazi kwenye jibu. Na usifute matao. Mchoro uliosafishwa ukabaki na mistari mitupu hauna ushahidi wa namna ulivyojengwa, na msahihishaji hana cha kukupa alama.

Pande nne ziko sawa lakini mraba umelala

Pima ulalo, yaani kutoka kona hadi kona iliyo mkabala nayo, zote mbili. Mraba wa sentimita 8 una ulalo wa 11.3. Pande zikilingana huku ulalo mmoja ukizidi mwingine, umejenga rombasi. Pembemraba ya kwanza ndiyo iliyopinda. Usirekebishe kona ya nne kwa kuivuta hadi ipendeze. Rudi kona ya kwanza.

Duara la pembetatu halipiti kwenye kona

Kwanza hakikisha umegawa kitu sahihi. Duara linalopita kwenye kona tatu hupatikana kwa kugawa nusu pande. Linalogusa pande kwa ndani hupatikana kwa kugawa nusu pembe. Watu huchanganya, na hakuna kukaza skrubu kutakakosaidia.

Ikiwa duara la ndani linakata upande mmoja na kuacha mwingine, ulikisia nusukipenyo kwa macho. Shusha mstari wa pembemraba kutoka kitovu hadi upande, ufungue bikari hadi pale mstari unapogusa.

Na kuna hofu isiyo na msingi: kitovu kimeangukia nje ya pembetatu. Kama pembetatu yako ina pembe inayozidi nyuzi 90, kitovu cha duara la nje ni lazima kiwe nje. Kama ina pembemraba, kitakuwa katikati kabisa ya upande mrefu. Hujakosea, endelea.

Umbo la pande saba linakaribia kufunga, kila mara

Hapa ndipo pa kuweka bikari chini. Kuna mbinu ya mafundi inayosambaa: chora duara, jenga pembetatu ya pande sawa ndani yake, chukua nusu ya upande wa pembetatu hiyo, uipige mara saba kwenye mzingo. Inakaribia mno. Kwenye duara la nusukipenyo sentimita 5 linabaki pengo lisilofika milimita 1, ambalo penseli butu hulificha. Kwa nakshi ya mlango inatosha kabisa. Lakini anayetafuta kulifunga kwa kukaza skrubu atazeeka. Mwaka 1837 Mfaransa Pierre Wantzel alithibitisha ni maumbo yapi hayajengeki kwa rula isiyo na vipimo na bikari. Pande saba ni mojawapo, na pande tisa vilevile. Kugawa pembe ya nyuzi 60 mara tatu sawasawa nako hakuwezekani, ingawa pembemraba inagawika tatu bila shida. Pande kumi na saba zinajengeka: mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss aliligundua mwaka 1796, akiwa na umri wa miaka 18.

Kwa hiyo ukiona somo linaloahidi pande saba kamili kwa rula na bikari, usimlaumu mwanao iliposhindikana.

Kwenye kiwanja: chumba hakikai pembemraba

Kanuni ni zile zile. Vigingi ni sindano, kamba ni bikari. Mafundi wengi huanza na tatu, nne, tano: mita 3 upande mmoja, mita 4 wa pili, na ulalo ukitoka mita 5 kona ni pembemraba.

Inapokataa, chanzo cha kawaida ni kamba ya nailoni inayovutika. Pima kwa tepu, watu wawili, ikiwa imenyooka na haijagusa majani. Kisha angalia kama vigingi vimesogea ulipokaza kamba. Kisha ardhi: kwenye mteremko tepu ilazwe usawa, isifuate udongo.

Kona ndogo hudanganya ukuta mrefu. Ukikosea sentimita 1 kwenye ule ulalo wa mita 5, ukuta wa mita 12 unatoka nje kwa sentimita 5 hivi. Ukikosea sentimita 5, unatoka nje robo mita. Kwa nyumba tumia 6, 8 na 10, halafu pima ulalo wa msingi mzima, kona hadi kona, mara mbili.

Simamisha kazi usimwage zege ikiwa ulalo mbili za msingi bado hazilingani baada ya kurudia mara ya tatu. Mwite fundi mkuu au mhandisi siku hiyo hiyo. Kuhamisha kigingi ni dakika, kuhamisha msingi ni fedha. Na kama tatizo ni mpaka, jiwe la bikoni limeng'oka au halikubaliani na vipimo vyako, usilirudishe mwenyewe kwa kamba hata kama hesabu yako ni safi. Hiyo ni kazi ya mpima ardhi aliyesajiliwa. Usiguse kitu mpaka afike.